Shule Yangu ya Watoto Kumi na Watano

Mimi shule yangu ni kama suruali iliyoshonwa mguu mmoja. Nilifika mwaka wa pili wa sekondari, kule Uvira, Kongo, halafu vita vikaingia. Mwalimu wa hesabu akakimbilia upande wake, mimi wangu, na mpaka leo hatujakutana kumaliza zile hesabu za sehemu. Kwa hiyo ukisikia kwamba mtu kama mimi aliwahi kuwa na shule yake hapa Johannesburg, yeye mwalimu, yeye direkta, yeye tena mpiga kengele, cheka tu. Hata mimi nilicheka. Mwanzoni tulicheka wote.

Shule yenyewe ilianza kwa kukataliwa. Tulikuwa tumehamia Berea, chumba kimoja kwenye fleti ya vyumba vinne, jiko la pamoja, choo cha pamoja, ugomvi wa pamoja. Mimi ni fundi cherehani, nashonea humohumo chumbani. Mke wangu anasuka nywele kwenye saluni iliyo chini ya jengo. Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Tukampeleka shule ya karibu, na mama wa ofisi pale akaishika karatasi yetu ya ukimbizi kwa vidole viwili, kama samaki wa juzi.

"Imeisha muda," akasema.

"Tumeshaomba mpya, mama. Iko kwenye kompyuta. Kompyuta inasema tusubiri."

"Basi subirini."

"Na mtoto?"

"Naye asubiri."

Tukasubiri. Miezi mitatu binti yangu alikaa chini ya meza ya cherehani akihesabu vifungo. Na hakuwa peke yake. Jengo lile lilikuwa na watoto wengi wa namna yake, karatasi zao zimekwama kama zetu au hazipo kabisa. Uliwasikia asubuhi, wale wenye sare wakishaondoka: miguu midogo inakimbia kwenye korido, mlango unafunguka, sauti ya mama, "Ingia ndani! Unataka watu wajue?" Kisha kimya.

Tulikuwa na desturi yetu pale. Mtu wa kwetu hagongi mlango, anapiga hodi kwa mdomo. Ukisikia mkono unagonga na hakuna hodi, huyo ni mgeni, hufungui. Hata watoto wa miaka miwili walijua. Mkono ukigonga wananyamaza wenyewe bila kuambiwa, kama redio iliyokatiwa umeme. Mimi niliona ni jambo la kuchekesha. Nilikuwa nawaambia mama zao kwamba wamefuga sungura.

Habari za maktaba alizileta mteja mmoja wa mke wangu. Huko chini, upande wa Bertrams, kuna nyumba ya serikali imejaa vitabu, na unaingia bure. Mimi neno bure nikilisikia Johannesburg, nashika mfuko kwanza. Lakini mke wangu alikuwa amechoka kukanyaga vifungo.

"Mpeleke," akasema. "Si unajisifuga kila siku kwamba ulikuwa na akili?"

"Nilikuwa nazo. Zilibaki Uvira."

"Basi mpeleke akazitafute zake."

Tukashuka kwa miguu, mimi na binti. Roboti tatu njiani, zile taa za kuongoza magari, zote zilikuwa zimezimika, magari yanapita kama ng'ombe walioona bwawa, nikamshika mkono mpaka akalalamika kwamba vidole vinauma. Mlangoni pa maktaba alikaa mlinzi mwenye koti kubwa kuliko yeye, mbele yake daftari la wageni. Hapa Afrika Kusini huingii popote bila kuandika daftari. Jina, anwani, simu, unakuja kufanya nini, mko wangapi. Nilipoinama kuandika, nikamsikia anaimba kwa mdomo uliofungwa wimbo wa kanisani wa kwetu.

"Wewe wa wapi, kaka?"

"Lubumbashi," akasema. "Andika vizuri, papa. Wakubwa wanapendaga kuona limejaa."

Nikaandika vizuri. Lazima nieleze hapa kwamba kitu kimoja ambacho shule ilinipa chote, bila kukata mguu, ni mwandiko. Herufi zangu zimesimama kama askari siku ya uhuru. Watu wengine kwenye daftari lile walikwaruza tu, mwingine kaandika kwamba yeye ni Rais, mwingine kachora kuku. Mimi niliandika jina langu lote, jina la jengo letu, ghorofa, namba ya chumba. Mlinzi akageuza daftari akalitazama kwa muda mrefu.

"Eh, mwalimu," akasema. "Hata polisi hawapati anwani safi namna hii."

Tukacheka.

Ndani kulikuwa na mama wa maktaba, mwanamke wa Kizulu aliyekaribia kustaafu, ambaye kila mtu alimwita Ma. Alinisemesha kwa Kiingereza cha polepole, cha kunihurumia. Kadi ya kuazima vitabu hatukuweza kupata, maana inataka barua ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba wetu hakuwahi kukiri kwa maandishi kwamba sisi tupo. Kusoma humohumo ndani, ruksa. Tatizo, ule ukumbi wa mbele ulikuwa wa wanaume waliolala nje usiku na kuja kulala ndani mchana, gazeti usoni. Mmoja alikuwa anagombana na mtu asiyeonekana. Binti yangu alisoma ukurasa uleule mara sita, jicho moja kwenye kitabu, jicho moja kwa yule bwana.

Siku ya tatu nikaona wazungu. Mama wawili watatu na watoto wao, masanduku ya magurudumu yamejaa vitabu, wakapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma chenye meza ndefu na dirisha la jua, wakafunga mlango. Nikamuuliza Ma hao ni nani.

"Wanasomesha watoto wao nyumbani," akasema. "Siku mbili kwa wiki wanakuja hapa."

"Hawaendi shule?"

"Hawataki."

Hebu fikiria. Nilikuja mbio kumweleza mke wangu: kumbe duniani kuna watu ambao shule inawataka wao hawaitaki! Na kazi yao ina jina, ina heshima, wanapewa na chumba. Sisi tulidhani tumefukuzwa, kumbe ni familia ya kusomesha nyumbani, tulichelewa tu kupata habari.

Nikaomba chumba cha nyuma kwa zile siku nyingine. Ma akasema kanuni ni watu kumi na kuendelea. Kikundi. Mtu mmoja na mtoto mmoja si kikundi.

Nikarudi mlangoni nimenuna. Mlinzi akaninong'oneza bila kunitazama, "Direkta, daftari halina macho."

Ndiyo siku aliyonipa cheo. Na ndiyo siku niliyoandika, kwenye safu ya unakuja kufanya nini: shule. Kwenye safu ya mko wangapi: watoto kumi na watano. Kumi ingeonekana kama uwongo. Kumi na tano ilionekana kama shule.

Ma akaja, akasoma daftari, akatutazama. Mimi na mtoto mmoja, mwenye sweta la kijani.

"Wengine?" akauliza.

"Wako njiani, Ma."

Akafikiri. Halafu akatoa ufunguo mfukoni. "Foleni ya magari," akasema. "Asubuhi ni mbaya sana."

Baadaye nilielewa kwamba naye alikuwa na shida zake. Wakubwa walikuwa wanahesabu wageni, maktaba yenye wageni wachache inafungwa, na wanafunzi wangu kumi na watano waliingia kwenye ripoti yake ya mwezi wakiwa wazima kabisa. Kila asubuhi akauliza, "Wengine?" nami nikajibu, "Wako njiani." Ilikuwa ndiyo salamu yetu. Mwaka mzima, siku tatu kwa wiki, mwandiko wangu ulipanga mistari kwenye daftari lile: jina, jengo, ghorofa, chumba, shule, kumi na tano.

Na binti alisoma, jamani. Alikimaliza kitabu cha wanyama, akamaliza cha mwili wa binadamu, akaingia kwenye hesabu. Kwenye sehemu tulifika pale mimi nilipomwacha mwalimu wangu, nikamwambia tupumzike. Hakupumzika. Akasoma mwenyewe, kisha akanifundisha, na alikuwa mkali. "Papa, usibahatishe." Mke wangu akiuliza jioni mwalimu ameendaje leo, mtoto anasema, "Anajitahidi."

Kitu kimoja tu kilinikaa vibaya. Meza ile ilikuwa na viti vingi. Siku moja nilitoka kwenda chooni, na niliporudi nikamsikia anaita majina. Anaita, ananyamaza kidogo, anaweka alama kwenye karatasi. Anaita lingine. Nikasimama mlangoni. Alikuwa anatazama kila kiti kwa zamu, na kwa kiti kimoja akasema kwa upole, "Leo umechelewa tena."

"Unazungumza na nani?"

"Na darasa," akasema. "Si uliandika sisi ni kumi na watano?"

Nilicheka. Nilimsimulia mlinzi, naye akacheka. Lakini njia nzima ya kupanda Berea nilikuwa nageuka nyuma, kama mtu aliyesahau kitu, na sikujua ni nini.

Mwaka uliofuata hali ya mji ikageuka. Tulianza kusikia kwamba kuna wanaume wanasimama kwenye mageti ya zahanati, wanauliza karatasi kabla daktari hajauliza ugonjwa. Halafu kwenye mageti ya shule. Hawakuwa polisi. Walikuwa watu wa mtaani tu, wengine uliwafahamu, wengine niliwahi kuwashonea suruali. Mke wangu akaanza kusuka amegeukia mlango. Kwenye jengo, miguu midogo ya asubuhi ikapungua kwenye korido. Mama zao waliwaingiza ndani mapema zaidi na sauti zao zikawa chini zaidi.

Asubuhi moja mlinzi hakuniita Direkta. Alinisubiri mpaka nilipoinama kwenye daftari, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Usiandike."

"Kwa nini?"

"Jana walikuja wanaume watatu. Waliniomba daftari."

"Ukawapa?"

"Papa, mimi ni nani hata ninyime? Walisimama mmoja huku, mmoja huku, mmoja mgongoni. Waliangalia kurasa wakapiga picha."

"Kurasa za nani?"

Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza nani amekufa kwenye msiba wa nyumbani kwake. "Zako. Ndizo zinazosomeka."

Nikajaribu mzaha. Nikasema basi angalau wamejifunza mwandiko. Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza.

Siku chache baadaye mke wangu alikuwa anamsuka mwanamke mmoja wa Kisotho, mteja wake wa siku nyingi. Yule mwanamke akaweka simu kwenye paja akafungua sauti iliyokuwa inazunguka mitaani, anatumiwa huyu, anamtumia yule. Mwanaume anaongea taratibu, bila hasira. Anasema kuna mgeni wa Berea anakusanya watoto. Kumi na watano kila safari. Anawaingiza kwenye jengo la serikali asubuhi, chumba cha nyuma, mlango unafungwa. Ushahidi upo wa maandishi. Na hakuna mtu hata mmoja, akasema yule mwanaume, hakuna hata mmoja, aliyewahi kuwaona watoto hao wakitoka.

Ni kweli. Nani angewaona?

"Mungu wangu, watu wabaya," akasema mteja. "Dada, mbona umesimama? Endelea."

Mke wangu akaendelea kusuka. Aliniambia jioni kwamba vidole vilijua kazi vyenyewe, yeye mwenyewe hakuwepo. Kisha akaniuliza, "Uliandika kumi na tano?"

"Ilikuwa ni ya chumba tu."

"Na ukaandika namba ya mlango wetu."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

Nilikuwa nimemwambia mke wangu kila kitu kuhusu shule yangu isipokuwa hesabu ya wanafunzi.

Tungeacha kwenda, unasema. Tulizungumza hivyo. Lakini binti alikuwa amebakiza sura mbili za kitabu ambacho hakiruhusiwi kutoka, na mimi nilijidanganya kwamba kutoroka ndiko kutakakoonyesha nina kosa. Tukarudi. Ma alikuwa kwenye chumba cha nyuma, amesimama, na hakuuliza wengine wako wapi. Kwenye kiti changu alikaa mwanamke mwenye miwani na faili. Alisema ametoka ofisi ya kulinda watoto. Mezani mbele yake kulikuwa na picha za daftari, zimechapwa, mwandiko wangu mzuri kurasa kwa kurasa.

"Baba, kaa. Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Hawa watoto kumi na wanne wengine wako wapi?"

Nikaeleza yote, kanuni ya kumi, chumba, wale wanaume wanaolala, mzaha wetu. Kiingereza changu kikiingiwa na hofu kinavua viatu kinakimbia peku, lakini nilieleza. Nikamgeukia Ma anisaidie. Ma alikuwa anatazama dirisha. Midomo yake ilifunguka, nikaona anakumbuka ripoti zake za kila mwezi, ikafumba. Simlaumu. Alikuwa na miezi michache tu ya kustaafu.

"Kwa hiyo unaniambia umeidanganya serikali kwa maandishi mwaka mzima," akasema yule mwanamke, bila ukali, "na leo ndiyo siku ya kukuamini."

Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeniamini.

Akamgeukia binti yangu. Akalainisha sauti, akatumia Kizulu, ambacho mtoto anakijua kuliko Kiswahili. Mimi nilishika maneno machache. Akamuuliza shuleni kwenu mko wangapi.

Sasa elewa mtoto yule. Miezi yote alinisikia nikisema kumi na watano, kwa mlinzi, kwa Ma, na alijua kwamba chumba kile, meza ile, jua lile la dirishani, vyote vimesimama juu ya namba hiyo. Akanitazama. Akaona jasho langu. Akaamua kumsaidia baba yake.

"Kumi na watano," akasema.

"Unawajua majina?"

Akaanza kuyataja. Hakusita hata mara moja. Jina, anapokaa, nani anajua hesabu, nani anachelewa, nani ana kikohozi. Yule mwanamke aliandika, anageuza ukurasa, anaandika. Nilisema, "Mama, hao ni wa kucheza, ni wa kwenye akili yake," naye akainua mkono mmoja kuninyamazisha huku mwingine unaandika. Nikayaona yanaingia kwenye faili la serikali moja baada ya jingine, watoto kumi na wanne, wenye majina na tabia.

Akafunga faili. "Ijumaa saa nne nakuja kwenye anwani hii. Niwakute. Nisipowakuta, huyu naye itabidi nimweke mahali salama mpaka nijue wewe ni nani."

Huyu naye. Alikuwa amemwekea mkono begani.

Nikamshika mkono binti yangu, tukatoka. Mlinzi alikuwa amesikia yote kupitia mlango. Akanifuata mpaka kwenye ngazi.

"Azima," akaninong'oneza. "Jengo lenu si limejaa watoto? Chukua kumi na wanne, wavishe vizuri, wapange mstari. Ataona, ataridhika, ataondoka."

Ndugu msomaji, nilifurahi. Nilipanda Berea nikiwagawa kichwani: wawili wa chumba cha mwisho, wale mapacha wa ghorofa ya tatu, yule mwenye meno mabovu. Nilipofika kumi na wanne walikuwa bado wanabaki. Nikamweleza mke wangu kama mtu aliyeshinda.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kuwaonyesha," akasema. "Wale ambao mama zao wanawafunika midomo. Uwapange mstari mbele ya serikali, nyuma ya serikali wamesimama wale wanaume."

"Ni kwa ajili ya mtoto wetu."

"Na wao ni wa nani?"

Alijifunga kitenge akatoka. Nilimsikia akipita mlango kwa mlango, hodi, hodi, sauti yake ya chini, kisha sauti nyingine zinapanda. Mama mmoja, Mrundi wa ghorofa yetu, alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwangu.

"Wewe, na utani wako!" akasema. "Sisi tumeishi hapa miaka sita hatujulikani. Wewe umetuandika kwa kalamu!"

"Dada, sikuwaandika ninyi. Niliandika watu wasiokuwepo."

"Ni sisi hao," akasema. "Ulidhani ni nani?"

Jumatano na Alhamisi waliondoka. Vifurushi vidogo, watoto wamevaa nguo mbili mbili ingawa jua lilikuwa kali. Wengine walikwenda Soweto kwa ndugu wenye spaza, vile viduka vya mtaani, walale nyuma ya magunia ya unga. Wengine hawakusema waendako, na ilikuwa haki yao kutoniambia mimi. Alhamisi jioni nilisimama kwenye korido. Sikusikia mguu. Kwa mara ya kwanza nilijua jengo lile lilikuwa na watoto wangapi, kwa ukubwa wa kimya.

Mke wangu alimfungia binti begi dogo. Sweta, mswaki, daftari. Hakuniambia ni la nini.

Ijumaa walikuja kabla ya saa nne. Mkono uligonga mlango wa kwanza wa korido. Hakuna hodi. Ukagonga wa pili, wa tatu. Ulikuwa unakuja kwetu mlango kwa mlango, na binti yangu aliyekuwa anasoma kwa sauti alinyamaza katikati ya neno.

Nilifungua mwenyewe. Mwanamke wa faili, polisi mmoja kijana, na nyuma yao, karibu na ngazi, wanaume wawili wamefunga mikono kifuani. Nikamwonyesha chumba, cherehani, kitanda, mtoto mmoja. Nikasema, "Unaona, mama? Ni huyu tu. Niliwaambia."

Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama korido. Sakafuni kulikuwa na miraba ya chaki ya kurukia, imefutika kidogo. Kwenye kamba ya nguo, kaptula ndogo tatu, gauni la mtoto wa miaka mitatu, nepi. Kwenye fremu ya mlango wa Mrundi kulikuwa na mistari ya kalamu ya kupima urefu, minne, imepandana. Kiatu kimoja, cha kushoto, chini ya bomba. Alitembea mpaka mwisho wa korido akarudi, taratibu, akiandika.

Akasimama mbele yangu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mpaka siku ile nadhani aliniona mjinga tu.

"Kwa hiyo walikuwepo," akasema.

Polisi akashika mkanda wake. Mmoja wa wale wanaume akasogea hatua moja. Na mimi, mtu wa maneno, mtu wa mizaha, sikupata hata neno moja, maana kila neno la kweli lingekuwa njia ya kwenda Soweto.

Binti yangu ndiye aliyesogea. Alilichukua begi lake mwenyewe, akaja akasimama mbele ya yule mwanamke, akasema kwa Kizulu, na baadaye alinitafsiria: "Kama nikija na wewe, utaacha kuwatafuta?"

Yule mwanamke alilifungua begi, akatoa daftari. Akamuuliza hilo daftari ni la nini. Akalifungua. Hesabu za sehemu, kurasa na kurasa, na pembeni masahihisho kwa mkono wa mtoto: Papa alikosea hapa. Papa alikosea tena. Akageuza kurasa zote hadi mwisho. Kisha akamwambia polisi washuke, na wale wanaume wakashushwa nao, wanageuka geuka.

Hakumchukua. Jumatatu alikuja na barua, akatupeleka yeye mwenyewe kwenye ile shule ya kwanza, na mama wa ofisi aliyeshika karatasi yetu kama samaki alitafuta nafasi akaipata kabla hatujakaa. Binti yangu anasoma pale sasa. Ana sare. Kwenye hesabu ni wa pili, na analalamika kwamba darasa lina kelele, halina viti vya kutosha.

Lakini faili halikufungwa. Majina yako ndani, kumi na manne, na serikali ikishaandika mtoto haimfuti kwa sababu baba fulani amesema ilikuwa utani. Kila mwezi naenda ofisini kwa yule mwanamke wa faili, nakaa kwenye kiti, naulizwa watoto wako wapi. Mwanzoni nilijibu haraka, hawapo, hawajawahi kuwepo. Sasa siwezi kujibu hivyo. Wachache wa ghorofa ya tatu walirudi. Mrundi hakurudi, wala wale mapacha, wala mama wa chumba cha mwisho na wawili wake. Vyumba vyao vina watu wengine. Mke wangu anapiga simu zao kila Jumapili baada ya ibada na hazipokelewi. Nimekwenda Soweto mara tatu, kutoka spaza hadi spaza, na watu wa kwetu wakisikia mimi ni nani wananiambia hawajui.

Mwezi huu aliniuliza tena, kalamu mkononi. Nikasema sijui, mama. Akaandika. Nilisimama, nikafika mlangoni, nikarudi.

"Mkiwapata," nikamwambia, "mtaniambia?"

Aliinua macho. Halafu akainama, akaliandika na hilo.